Nilibadilisha pasiwedi steshenari, sasa siingii tena kwenye barua pepe yangu

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, nimesomea ualimu wa sekondari, masomo ya Kiswahili na Historia. Kwa sasa najishikiza kwenye shule moja ya binafsi huku Namtumbo nikisubiri ajira ya serikali. Nimekwama na sina wa kumuuliza.

Barua pepe yangu ya Gmail nilifunguliwa mwaka 2019 nilipomaliza kidato cha sita, wakati tunaomba mkopo wa elimu ya juu. Aliyenifungulia ni kijana wa steshenari. Yeye ndiye aliyejaza kila kitu, mimi nilitaja majina na tarehe ya kuzaliwa tu. Tangu hapo ndiyo ninayoitumia kwa kila jambo: mkopo, chuo, TIN, na sasa Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini.

Mwezi uliopita nilikwenda Songea kuambatisha vyeti. Nikiwa pale kwenye kompyuta ya steshenari nikakumbuka kwamba dada niliyekaa naye chumba kimoja chuoni anaijua pasiwedi yangu ya siku zote, nikaona niibadilishe. Nikaweka mpya yenye herufi kubwa mwanzoni, namba, na ile alama ya @ mwishoni. Ikakubali. Nikamaliza shughuli zangu nikarudi.

Kufika nyumbani, simu ikanitaka niingize pasiwedi upya. Naingiza, inakataa. Nimejaribu kwa herufi ndogo, nimejaribu kwa herufi kubwa, nimejaribu hata ile ya zamani, nayo inaniambia kwamba ilishabadilishwa. Nimejaribu mpaka sasa inaniambia nirudi baadaye.

Nikibonyeza kwamba nimesahau, inataka kutuma namba za uthibitisho kwenye laini inayoishia na 47. Laini hiyo iliibwa pamoja na simu mwaka 2022 na sikuirudisha, kwa sababu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu. Wakati ule mimi sikuwa na namba ya NIDA. Njia nyingine inayonipa ni kutuma kwenye barua pepe inayoanza na herufi j na s. Hiyo siijui kabisa, mama.

Kuna mtu hapa mjini anasema anafungua akaunti za namna hii kwa shilingi 60,000. Anataka nimpe namba yangu ya NIDA, na namba za uthibitisho zikija nimsomee. Hela hiyo itabidi nikope. Wenzangu wanasema ukiitwa kwenye usaili unatumiwa taarifa kwa barua pepe. Kila nikiwaza kwamba huenda jina langu limetoka na mimi sijui, usingizi unaruka. Nifanyeje?

Mwalimu, Namtumbo

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo hela usikope. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuanze na hilo linalokunyima usingizi, maana naona limekuwa kubwa kuliko lilivyo.

Gmail yako na Ajira Portal ni vitu viwili. Kwenye Ajira Portal unaandika anwani ya barua pepe kama jina la kuingilia, ni kweli, lakini neno la siri linaloulizwa pale ni lile uliloliweka pale pale Ajira Portal. Halina uhusiano na la Gmail. Kama unalikumbuka, jaribu kuingia leo hii uone maombi yako yamefikia wapi. Pia majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Tangazo ni faili ambalo yeyote anaweza kulipakua bila kuingia kwenye akaunti yoyote, na ndani yake kuna majina, tarehe na mahali pa usaili. Basi jipangie kupita pale kila jioni mpaka mambo yatengemae, na mwombe mwenzako mmoja naye awe anakuangalizia. Jina lako likitoka utaliona, Gmail ifunguke isifunguke.

Sasa huyo wa 60,000. Google wameandika wazi kwenye kurasa zao za msaada kwamba hakuna namba ya simu ya kupiga ili uingizwe kwenye akaunti yako, na kwamba hawashirikiani na mtu wala kampuni yoyote inayodai kutoa huduma za neno la siri. Kwa hiyo hana mlango wowote wa nyuma. Alicho nacho ni ukurasa ule ule ulio nao wewe wa kurejesha akaunti, na akiufungua kwenye simu yake mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu ombi linaonekana linatoka kwa mtu mgeni. Hizo namba za uthibitisho ndizo zinazonitisha zaidi. Ukimsomea, anayeingia ni yeye. Ataweka neno la siri lake, ataweka namba yake ya simu, na kuanzia hapo kila karatasi yako iliyomo humo iko mkononi mwake. Na namba ya NIDA ya nini? Gmail haifunguliwi kwa NIDA. Anayeitaka ana kazi nyingine nayo. Mwambie asante, umeghairi. Akianza kukutumia meseji za vishawishi au vitisho, ziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040.

Baada ya hapo, acha kujaribu. Najua inauma, lakini kila ukikosea mfululizo unazidi kufanana na mwizi anayebahatisha, na ndiyo maana umeambiwa urudi baadaye. Iache akaunti siku nzima, ikiwezekana mbili.

Kuna neno kwenye barua yako lililonipa moyo. Ukiingiza neno la siri la zamani unaambiwa lilibadilishwa. Maana yake akaunti ipo, haijafutwa. Mara nyingi ujumbe huo hutaja pia ni muda gani umepita tangu libadilishwe. Usome vizuri utakaporudi: kama unaangukia siku ile ile uliyokuwa Songea, basi yaelekea aliyelibadilisha ni wewe mwenyewe. Ukitaja siku nyingine, jua kuna mtu amepita, na niandikie haraka.

Nikichukulia kwamba ni wewe, swali ni kwa nini neno uliloliandika mwenyewe linakataa. Mimi nina shaka kubwa na hiyo alama ya @.

Kompyuta nyingi za steshenari zetu ni za mitumba, na mipangilio ya kibodi inaweza kuwa ya Kiingereza cha Uingereza wakati vitufe vyenyewe vimechapwa kwa mtindo wa Marekani. Hapo vitufe vinadanganya. Unashika Shift na kubonyeza 2, kitufe kimeandikwa @, lakini kompyuta inaandika alama ya kufungulia na kufungia usemi, hii hapa: ". Ungekuwa unaandika barua ya kawaida ungeona papo hapo. Kwenye nafasi ya neno la siri unaona vinundu vyeusi tu. Unaulizwa uliandike mara ya pili kuthibitisha, unabonyeza vitufe vile vile, yanalingana, inakubali. Unaondoka ukiamini umeweka @ kumbe umeweka ". Nyumbani kwenye simu unaandika @ halisi na inakukatalia kwa haki kabisa.

Kwa hiyo siku utakaporudi, kwenye simu yako, andika neno lile lile ulilokusudia lakini mwishoni weka " badala ya @. Bonyeza alama ya jicho, au maneno ya kuonyesha neno la siri, uone kila herufi unayoandika, na hakikisha simu inaweka alama iliyonyooka, si ile iliyopinda. Likikataa, jaribu dhana ya pili: huenda Caps Lock, kile kitufe cha herufi kubwa, ilikuwa imewashwa, basi herufi uliyodhani kubwa ikawa ndogo na ndogo zote zikawa kubwa. Dhana ya tatu ni yote mawili kwa pamoja. Ishia hapo. Zikishindikana zote tatu usiendelee kubuni.

Zikishindikana, nauli ya Songea ina faida kuliko ile 60,000. Rudi kwenye steshenari ile ile na uombe kukaa kwenye kompyuta ile ile. Fungua Notepad, ile programu ya kuandikia, bonyeza Shift na 2, utazame kinachoandikwa. Hilo pekee litamaliza ubishi wa @. Kisha fungua Gmail kwenye kivinjari ulichotumia siku ile. Kama hukutoka kwenye akaunti, yawezekana bado imefunguka. Ni hatari kwamba imekuwa wazi muda wote huo mbele ya kila mteja, lakini kwako wewe leo ni bahati. Angalia pia kama kivinjari kilihifadhi neno la siri. Ukilipata, liandike kwenye karatasi, lifute pale lilipohifadhiwa, na usiinuke kabla hujatoka kabisa kwenye akaunti.

Sasa tuseme hata huko umetoka mikono mitupu. Ndipo tunakwenda kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti, g.co/recover, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hushindwa kwa kukosa utulivu tu. Google haikujui kwa sura wala kwa cheti cha kuzaliwa. Inakujua kwa mazoea yako: simu unayotumia kila siku, kivinjari ulichozoea, mahali unapokuwa kwa kawaida. Basi ombi lako lianzie hapo hapo Namtumbo, nyumbani au shuleni, kwa simu yako mwenyewe, kwa intaneti unayotumia siku zote. Kama kuna VPN kwenye simu, yaani programu inayoficha mahali ulipo, izime. Usiazime simu ya mwenzako eti kwa sababu ni nzuri zaidi.

Utaulizwa neno la siri la mwisho unalokumbuka. Weka lile la zamani, ambalo una uhakika nalo. Watu hudhani halina kazi tena kwa kuwa limebadilishwa, wakati ni ushahidi mzuri kwamba mwenye akaunti ni wewe. Itakapotaka kutuma kwenye laini ya 47, chagua kujaribu njia nyingine. Swali ambalo huna hakika nalo, toa jibu lako bora kuliko kuliruka. Ukiombwa barua pepe ya kukujibia, uwe umefungua mpya tayari, kwa simu yako na kwa mikono yako. Baada ya hapo jibu linaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa. Angalia na kwenye folda ya barua taka (Spam). Usianzishe ombi jipya kila baada ya saa moja.

Wakati unasubiri, mshughulikie kaka. Akiwa na simu yake, apige *106# na aangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ile ya 47 ikiwa bado ipo, aende na kitambulisho dukani kwa mtandao husika, aweke alama za vidole, apewe kadi mpya yenye namba ile ile. Namba za uthibitisho zitaingia na kazi itakuwa imekwisha. Lakini jiandae kwa jibu la pili, maana ni tangu 2022. Laini isiyotumika muda mrefu huzimwa, na namba yake huweza kuuzwa kwa mteja mwingine. Ikiwa sasa ina mwenyewe, tafadhali usimpigie ukamwomba akusomee namba zikija. Utakuwa umemfahamisha mtu usiyemjua kwamba ameshika ufunguo wa akaunti yako.

Nije kwa huyo js. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni barua pepe ya yule kijana aliyekufungulia akaunti mwaka 2019. Msimu wa kuomba mikopo foleni ya wanafunzi inafika barabarani, kila fomu inauliza barua pepe ya akiba, mwanafunzi hana nyingine, kijana anaweka ya kwake ili fomu ipite. Wengi hawana nia mbaya. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mtu uliyekutana naye siku moja anaweza kufungua barua pepe zako zote mpaka leo, na wewe mwenyewe huwezi. Hili linaniumiza sana kila ninapoletewa barua za namna hii, kwa sababu wanaoumia ni watoto wa wakulima ambao kompyuta ya kwanza kuiona kwa karibu ilikuwa hiyo ya steshenari. Wewe uko darasani, mwanangu. Waambie wanafunzi wako wasikubali mtu aandike namba au anwani isiyo yao, hata kama foleni ni ndefu.

Kama unakumbuka steshenari ilipokuwa na kijana bado yupo, nenda kwa miguu yako. Usimwelekeze kwa simu, kwa sababu namba hizo hudumu muda mfupi na zinaisha kabla hamjaelewana. Kaa pembeni yake, anzisha ombi kwenye simu yako, yeye afungue barua pepe yake, usome mwenyewe, uingize mwenyewe. Mpe ya soda na umshukuru. Ukiambiwa anwani hiyo aliiacha siku nyingi, huenda haipo tena: tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka 2.

Ukifanikiwa kuingia, iwe kwa njia yoyote, usianze kusoma barua. Fanya haya kabla hujainuka. Ondoa laini ya 47, weka ya sasa iliyosajiliwa kwa NIDA yako mwenyewe. Ondoa anwani ya js, weka ile mpya uliyoifungua. Badilisha neno la siri ukiwa kwenye simu yako na jicho limefunguliwa, uone kila herufi. Ingia sehemu ya usalama utazame orodha ya vifaa vilivyoingia. Kompyuta ya steshenari ikiwemo, itoe. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri Google hudai uthibitisho wa pili, na uombe namba za akiba. Utapewa 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Zinakili kwa kalamu, ziweke kwenye bahasha ya vyeti. Siku simu ikiibwa tena, hizo ndizo zitakazokuingiza bila kumtegemea kaka wala kijana wa steshenari.

Na neno la siri lenyewe liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Najua wapo watakaosema hiyo si salama. Kwa mtu wa mazingira yako mimi nasema ni salama kuliko kulibeba kichwani na kulipoteza, alimradi hutembei na daftari hilo kwenye pochi.

Ikitokea Google wamekataa, pumzika siku chache ujaribu tena kwa simu ile ile na mahali pale pale, hasa kama umekumbuka jibu ambalo mara ya kwanza ulikosea. Wapo wanaofunguliwa kwenye ombi la pili au la tatu. Wapo pia wasiofunguliwa kabisa, na sitakuficha hilo. Kwa hiyo anza mapema kuhamisha mambo yako kwenye anwani mpya: Bodi ya Mikopo, chuo, TRA. Kwa upande wa Ajira Portal, usikimbilie kufungua akaunti ya pili kwa jina lile lile. Ukiweza kuingia, badilisha mawasiliano yako humo humo. Ukishindwa, wasiliana na dawati la msaada la Sekretarieti ya Ajira, ueleze kwamba umepoteza barua pepe, uwe na namba yako ya NIDA na vyeti karibu.

Niongeze mstari mmoja kwa wasomaji walioajiriwa, maana barua za ofisini hufungwa kwa sababu tofauti kidogo. Unabadilisha neno la siri kwenye kompyuta ya ofisi, lakini simu yako na tableti ya nyumbani bado zina lile la zamani na zinaendelea kubisha hodi nalo zenyewe usiku kucha, mpaka mfumo unaifunga akaunti. Afisa TEHAMA anakufungulia asubuhi, mchana imefungwa tena. Zima barua pepe kwenye vifaa vyote kwanza, ndipo uombe kufunguliwa, kisha uweke neno jipya kwenye kifaa kimoja kimoja.

Mwanangu, ukiona tangazo la usaili lenye jina lako kabla Gmail haijafunguka, chapisha, fuata maelekezo yaliyomo, na uende. Ukikwama kwenye hatua yoyote niandikie kwa anwani yako mpya, uninukulie maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo. Neno lako la siri usiniandikie hata mimi.